Mlango wa Shangazi Umegoma

SHANGAZI: Haloo? Ni wewe, msanifu majengo wangu?

MSANIFU: Ni mimi. Shikamoo, shangazi.

SHANGAZI: Marahaba, mwanangu. Najua uko kazini. Mlango wa chumbani umegoma kufunguka.

MSANIFU: Kitasa—

SHANGAZI: Kitasa kizima. Umebana juu. Jana ulikwaruza tu, leo ndiyo basi tena.

MSANIFU: Uko ndani?

SHANGAZI: Ndani, nimejilaza. Usinitishe na sauti hiyo.

MSANIFU: Ukuta wako wa upande tunakojenga nyumba mpya, una ufa?

SHANGAZI: Kaufa tu. Nyumba imenizidi umri, iache nayo iwe na makunyanzi.

MSANIFU: Kidole kinaingia?

SHANGAZI: Mkono unaingia.

MSANIFU: Mungu wangu. Mafundi wanachimba?

SHANGAZI: Wamemaliza. Mtaro mzima, umefuata ukuta wangu mwanzo mpaka mwisho. Wachapakazi hao—

MSANIFU: Mzima? Niliwaambia wachimbe kipande, wajenge, ndipo waguse kingine, ukuta wako usikose egemeo! Shangazi, toka nje kupitia dirishani.

SHANGAZI: Mimi? Na mwili huu? Majirani wataniona—

MSANIFU: Wakuone! Panda kiti, toka!

SHANGAZI: Ngoja nichukue picha ya marehemu baba yako.

MSANIFU: Iko wapi?

SHANGAZI: Kwenye ukuta huohuo.

MSANIFU: Usiusogelee! Iache!

SHANGAZI: Sikusi— [mikwaruzo] —mtandao wenu huu—

MSANIFU: Nimesema iache! Haloo? Shangazi? Shangazi!

[mngurumo, kisha kimya kirefu]

MSANIFU: Shangazi, nijibu, nakuomba. Nijibu.

SHANGAZI: [anakohoa] Niko barabarani. Na kiatu kimoja.

MSANIFU: Umeumia?

SHANGAZI: Vumbi tu. Nyumba yangu imelala chini, na baba yako nimemwacha humo.

MSANIFU: Pole. Pole sana, shangazi. Nakuja—

SHANGAZI: Majirani walikataa nyumba ya kisasa kwenye mtaa huu wa kale. Nilizunguka mlango kwa mlango nikikutetea. Nikawaambia, huyu ni damu yangu, hawezi kutuharibia.

MSANIFU: Shangazi, mimi—

SHANGAZI: Ukaniambia nyumba za huku zimeshikana mabega tangu zamani, na yako ya matofali itashikana na yangu.

MSANIFU: Naingia kwenye gari sasa hivi. Kaa mbali na—

SHANGAZI: Nimekaa mbali. Naitazama nyumba yako. Kuta zako zilizopanda hazina hata mkwaruzo. Maridadi kweli.

MSANIFU: Shangazi, nisikilize—

SHANGAZI: Imesimama peke yake, mwanangu. Salio linakwi—