Firmin Lukeba na Jumba la Nguzo Nane

Wapendwa waombolezaji, mimi Damien, mdogo wake marehemu, ndiye niliyepewa kazi hii, ambayo kwa miaka mingi katika kanisa letu ilikuwa yake, kwani nyote mnakumbuka jinsi mkubwa wetu Firmin alivyosoma historia za wafu wetu, mlevi akawa mtu wa watu, mgomvi akawa mpenda haki, na sisi tukacheka chinichini huku tunafuta machozi.

Firmin Lukeba alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 huko Kasongo, Maniema, kifungua mimba wa mzee Marcellin na mama Masika, akasoma shule ya msingi hapohapo, sekondari Kindu, na mwaka 1986 akapata shahada ya historia Lubumbashi, ambako tarehe 20 Julai 1991 alifunga ndoa na shemeji yetu Murielle, wakajaliwa watoto wawili, Sagesse na Hénock. Alifika Johannesburg mwaka 1998, akalinda magari ya watu Braamfontein hadi alipopata nafasi ya kufundisha chuoni.

Mwezi Mei 2015 alialikwa Vauremy, mji mdogo wa Ufaransa, aandike historia ya jumba lililojengwa kando ya mto mwaka 1903, lenye nguzo nane za mawe kwa mtindo wa mahekalu ya kale ya Wagiriki, na mwenyeji wake alikuwa Bi Denise, bibi kizee aliyezaliwa humo, akampa chumba kinachotazama maji na kumpikia kwa mkono wake. Bibi huyo hakumficha, alimwambia mezani kwamba babu yake alilijenga kwa fedha za pembe za ndovu kutoka Kasongo, na kwamba wapagazi wengi walifia njiani, kisha akamwomba asiyaandike hayo, maana marehemu hasemwi vibaya. Mkubwa wetu alijua kuwa babu Lusangi, baba wa babu yetu, alichukuliwa kubeba pembe na hakurudi, lakini alikuwa mgeni, ameshakula, akaona haya, akaandika kwamba mwenye nyumba alifanya biashara barani Afrika, kitabu kikatoka 2016, kikasifiwa, naye hakutuonyesha.

Figo zilianza kumsumbua Februari 2018, na kitandani hakulalamikia maumivu, aliililia sentensi ile moja, akisema amemuuza babu yake kwa sahani ya chakula, akatuagiza historia yake isipakwe asali. Juzi kwenye kikao cha familia tulikubaliana kuiruka sehemu hii tusimwaibishe, na mimi nimesimama hapa nikiwa na nia hiyo, lakini nimelitazama jeneza, nikashindwa. Alifariki Jumapili tarehe 9 Juni 2019, mkono wake ukiwa mkononi mwa Murielle.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Yeoville mliotupikia, na walimu wenzake mlioacha vipindi vyenu mkaja.

Mkubwa wetu, tumeisema, pumzika kwa amani. Nawe babu Lusangi, uliyeondoka Kasongo na pembe begani, usiyewahi kusomewa historia popote, leo umesomewa, mpokee kitukuu wako, upumzike naye.