Historia ya Fundi Malale Ngusa na Masikio ya Josefina

Tumsifu Yesu Kristo. Baba Paroko, ndugu, majirani, na nyie jamaa mliotoka Ugalla, mimi ni Ponsian, mdogo wake mjane, familia imenituma niwasomee maisha ya shemeji yangu, na nikikwama mnivumilie, maana huyu mtu nilimpenda.

Malale Ngusa alizaliwa tarehe 14 Agosti 1961 huko Bariadi, mtoto wa tatu wa mzee Ngusa na mama Scola, na mwaka 1972 alifuatana na wazazi wake na ng'ombe wao hadi Ugalla, akamaliza darasa la saba mwaka 1978.

Ng'ombe hakuwapenda, jamani tuseme ukweli, mwaka 1980 alipanda lori kuwa utingo, na kila lilipoharibika yeye ndiye aliyeingia chini, hata mwaka 1987 akafungua gereji yake Misunkumilo. Gari likija linatetemeka na kumisi, yaani injini inaruka mapigo, hakukubali ununue plagi wala koili kwa kubahatisha, alikuwa mbishi huyu, alikufukuza pamoja na vifaa vyako, kisha aliegemeza bisibisi ndefu kwenye injini, akaweka mpini sikioni, akafumba macho, akachomoa waya wa plagi mmoja baada ya mwingine, na ule ambao ukichomolewa injini haibadiliki, hapo ndipo mgonjwa alipolala.

Tarehe 8 Julai 1989 alifunga ndoa na dada yangu Josefina huko Mpimbwe, na sisi Wapimbwe tulimtania kwamba Msukuma huyu hata ng'ombe wake wa mahari wananuka oili, naye Mungu akawajalia watoto watatu, Hana, Gideon na Suzana.

Mwaka 2016 masikio yake yalianza kuziba, na kufikia 2018 hakusikia hata kengele ya kanisa, wateja wakahama, wakisema Malale kwisha habari yake, naye akafunga gereji, akashinda nyumbani akiutazama ukuta, mpaka tukaogopa kwamba huzuni itamwondoa kabla ya wakati.

Ndipo warina asali wa Ugalla walipoleta pikapu yao, imeshazunguka kwa mafundi, plagi mpya, koili mpya, bado inakohoa ikipanda mlima. Josefina alimshika mumewe mkono, akamketisha kando ya injini, akaisikiliza yeye, akampigia mlio ule kiganjani kwa vidole, pale inapokohoa na pale inapokosa pumzi, na shemeji akafumba macho kama zamani, akasema kosa si la plagi, ni petroli haifiki, akafungua chujio, akakuta utelezi, akaulamba, akatema, akauliza ni nani aliyetia petroli kwenye dumu la asali. Wee! Tulicheka mpaka machozi, warina wakainamisha vichwa, na tangu siku hiyo gereji ikafunguliwa tena, ukienda ulimkuta dada yangu, anasikiliza kwa niaba ya mumewe.

Desemba 2024 figo zilianza kumsumbua, akatibiwa hapa Mpanda, na Ijumaa tarehe 14 Machi 2025, saa tisa alasiri, alifariki dunia, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mkewe.

Jana tulipomtoa hospitali, gari lililombeba lilianza kumisi kabla hatujafika nyumbani, dereva akasimama injini ikiwa inaunguruma, na Josefina, aliyekaa nyuma karibu na jeneza, akasikiliza, akaanza kugonga ubao wa jeneza kwa vidole, polepole, vilevile alivyozoea kumgonga kiganjani, kisha akatulia, akasubiri ajibiwe. Tulisubiri naye.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani mliopika na kuchota maji, na mafundi wenzake mliofunga gereji zenu leo ili mje kumsindikiza.

Malale, mwana wa Ngusa, lala kwa amani, tumeanza kukukumbuka hata udongo haujakufunika.