Usimwamshe Kamanda

Benchi letu liko Kyebando, Kampala, kati ya saluni ya Makasi na kibanda cha simu, na mwenye benchi ni mimi kwa sababu mwenye kahawa ni mimi. Wananiita Hajati, ingawa Maka sijafika hata kwa ndoto. Jina langu ni Sitti, binti wa Mnubi wa Bombo, na kahawa yangu ya tangawizi imewahi kumtoa machozi mtu mzima aliyesema amezoea. Zamani tangawizi nilikuwa naitwanga hapa hapa, watu wakisikia kinu wanajua kumekucha. Sasa ni siku ya tisa natwangia ndani ya nyumba, mlango umefungwa, na wateja wangu wanaagiza kahawa kwa kunong'ona kama watu waliokuja msibani. Sababu iko chini ya benchi, ndani ya boksi la sabuni, imefunikwa kwa mtandio wangu wa pili. Ni paka, tunamwita Kamanda, na hata miezi mitatu hajafikisha.

Siku hiyo ya tisa, Ijumaa, Makasi alifika saa mbili asubuhi, akaliteremsha boksi chini ya benchi kwa mikono miwili, akakaa. Jina lake la nyumbani ni Katembo, mtu wa Butembo, Kongo. La Makasi tulimpa sisi kwa kuwa ni kinyozi. Macho yake yalikuwa mekundu na shati amelivaa nje ndani.

— Mama Hajati, kahawa. Ile ya nguvu.

— Zote ni za nguvu, nikamwambia.

— Basi leta mbili.

Afande akajisogeza kumpisha. Afande ni Okidi, askari mstaafu, na tangu Jumatano amevaa kofia ya sufi iliyoshuka hadi kwenye nyusi, jua liwake, mvua inyeshe.

— Lipoti, akasema Afande kwa sauti ya chini. Usiku ilikuwa namna gani?

— Afande, saa tatu Kamanda anaamka. Saa nne anapanda pazia. Saa sita anapigana na kidole yangu ya mguu. Saa nane anaingia chini ya kitanda na kifuniko ya soda, kra, kra, kra.

— Mtaka cha mvunguni sharti ainame, akasema Profesa.

— Niliinama. Akatokea upande ingine, akapanda kabati.

— Aliye juu mngoje chini.

— Nilimngoja, Profesa. Alishuka saa kumi. Juu ya uso yangu.

Huyo Profesa ni Aristide, muuza mashati ya mitumba. Aliwahi kusoma elimu ya viumbe muhula mmoja kwao Bukavu, Kongo, na muhula ule sisi hatujaupona mpaka leo.

— Na Mama Esperance anasemaje? nikauliza. Esperance ni mke wa Makasi.

— Alienda kulala kwa dada yake. Kabalagala.

— Kabalagala kwenye mabaa?

— Anasema muziki ya baa inafika saa inaisha.

Tukanywa kidogo. Makasi akageuza kikombe mkononi.

— Leo saa nne bwana harusi anakuja, akasema. Anaoa kesho asubuhi. Yeye na wasimamizi wake sita, vichwa saba. Tangu nifungue saluni sijapata harusi hata moja. Na ninyi munajua ile mambo ya Jumatano.

Tulijua. Wote tukaitazama kofia ya Afande, kisha tukatazama pengine. Jumatano Makasi alisinzia akiwa amesimama, mashine ikiwa mkononi, na mashine haikusinzia. Chini ya sufi ile kuna barabara inayotoka sikio la kushoto mpaka utosini, upana wa dole gumba, haina kona.

— Sina neno, akasema Afande. Nywele ni kama kuruti, hata ikitoroka. Itarudi.

— Nikimaliza hii kahawa, akasema Makasi, ninachukua boksi, ninamurudisha Kalerwe kwa Jamilah.

Jamilah anauza samaki soko la Kalerwe. Makasi alikwenda kwake kununua dagaa, paka akamwingia kwenye mkono wa koti, na Jamilah akasema basi mmechaguana.

— Unampenda? nikamuuliza.

— Mama, nampenda. Saa kumi na moja, kama ameshindwa na mambo yote, ananipanda hapa kifuani, analala. Anatetemeka sawa mashine yangu. Na ile njo saa yangu ya kuamka.

Iliniuma, sitaki kuficha. Mtu amekimbia vita, ameacha nyumba na ng'ombe wa baba yake, na sasa anataka kupeleka sokoni kitu pekee kinachomlalia kifuani. Nikamwongezea kahawa bila kuombwa, jambo ambalo silifanyi.

Pikipiki ya boda ikasimama mbele yetu, dereva akapiga honi kumwita abiria. Boksi likatikisika. Afande akainuka, akanyoosha kiganja kama yuko kwenye kizuizi cha barabarani.

— Zima. Hapana piga hiyo kitu hapa. Sukuma mpaka kona, ndiyo uwashe.

— Mzee, kuna nini?

— Kamanda amelala.

Dereva akatazama kulia na kushoto akitafuta kamanda, hakumwona, akaona heri atii. Akaisukuma pikipiki mpaka kona. Boksi likatulia.

— Usimwamshe aliyelala, akasema Profesa, kidole mdomoni, kwa sauti ya mtu anayefunga ibada.

— Mimi nasema ni nidhamu, akaanza Afande alipokaa. Paka hii haina latiba. Jeshini saa tatu taa inazimwa, mtu analala.

— Nilizima taa. Paka anaona gizani.

— Basi washa.

— Niliwasha. Akafurahi.

Profesa akakohoa. Akikohoa hivyo natafuta pa kuegemea.

— Tatizo si nidhamu, ni majira. Jamilah mwenyewe alisema mama ya huyu paka alishuka kwa lori ya maharage kutoka Beni. Kongo haifuati saa ya Kampala. Huyu mtoto analala kwa saa ya kwao.

— Beni iko nyuma saa moja tu, nikasema. Huyu anachelewa saa nane.

— Moja ya Beni. Weka mbili za Kinshasa, maana selikali yote iko kule.

— Bado tano.

— Hizo ni za Ubelgiji.

— Ubelgiji imeingiaje kwenye paka, Profesa?

— Ilitutawala, Mama. Hayo mambo hayatoki kwa damu siku moja.

Makasi alikuwa anatikisa kichwa kukubali, lakini nikagundua kwamba hakubali, kichwa kinaanguka. Nikamgusa bega.

— Hapana, akasema Afande. Sikilizeni. Paka ana loho saba, hata mtoto anajua. Sasa loho saba zinalala pamoja? Nani atabaki lindo? Moja inalala, sita iko zamu.

Profesa akafikiri. Sijawahi kumwona akipingana na hesabu iliyo mbaya kuliko yake.

— Ni kweli. Basi Makasi akeshe nazo saba, zichoke moja moja. Usiku saba.

— Nimekesha tisa, akasema Makasi.

— Mbili umezidisha. Haba na haba hujaza kibaba.

Afande akasogea, akatutazama kama anatupa siri ya vita.

— Mimi nataka kuuliza kitu kingine. Nani amefaidi? Ng'ambo ya balabala kuna saluni mpya. Vioo mpaka dalini, kiti kinazunguka. Adui mjanja haui askali wako. Anamnyima usingizi.

— Unasema Kamanda ni jasusi? akauliza Makasi, amefumbua macho yote mawili kwa mara ya kwanza siku hiyo.

— Nauliza tu. Jamilah anatengeneza nywele wapi?

— Jamilah anavaa hijabu, nikasema. Nywele zake hapa hakuna aliyeziona.

— Ndiyo sababu, akasema Afande.

Makasi akainama, akafunua mtandio kidogo, akamtazama jasusi. Alikuwa chali, tumbo juu, mguu mmoja umenyooka, anakoroma. Akamfunika tena taratibu.

— Mimi ningesema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, akasema Profesa.

— Paka atalima nini, Profesa? nikamuuliza.

Tukacheka kwa kuziba midomo. Hilo la jembe ndilo lilikuwa neno la maana kuliko yote yaliyosemwa asubuhi ile, na mimi ndiye niliyeliua.

Makasi alikuwa ameshanyanyua boksi, ameliweka magotini tayari kwa safari ya Kalerwe, mara akatokea kijana amevaa sare ya kampuni ya ulinzi, viatu vizito, filimbi imening'inia kifuani kwa kamba. Alionekana anatoka kazini, lakini uso wake haukuwa na uchovu na macho meupe kabisa.

— Asubuhi njema, wazee! Mama, shikamoo!

— Shii, tukasema wote wanne.

Akashusha sauti.

— Natafuta kinyozi Makasi. Mimi ni Ojara. Wa harusi. Nimewahi kidogo, wenzangu wako nyuma.

Makasi akasimama na boksi lake, akayumba, akashika ukuta. Afande, kwa adabu ya miaka thelathini ya jeshi, akavua kofia kumpa bwana harusi heshima yake. Ojara akaitazama barabara ile kuanzia sikioni mpaka inapoishia.

— Nani alinyoa hii? akauliza.

Hakuna aliyekumbuka. Afande akairudisha kofia.

— Na mbona mnanong'ona?

Makasi akafunua mtandio, akamweleza yote. Aliyaeleza vizuri, pazia, kabati, kifuniko cha soda, Esperance huko Kabalagala. Akamaliza kwa kusema, yeye ni mtu mzima, hawezi kumdanganya: mkono wake leo hauaminiki. Kama bwana harusi anataka kwenda ng'ambo kwenye vioo, aende, hatamchukia. Nilimheshimu sana kwa neno hilo, na nilitamani asilitamke.

Ojara hakwenda popote. Akachuchumaa mbele ya boksi.

— Amelala tangu saa ngapi?

— Saa kumi na moja alfajiri.

— Ataamka saa ngapi?

— Saa tatu ya usiku.

— Na mchana wote?

— Asubuhi yuko hapa, kisha nakaa naye saluni, chini ya meza. Redio nazima. Wateja wanajua, wanaongea kidogo.

— Mimi nazuia pikipiki, akasema Afande.

— Mimi tangawizi natwangia ndani, nikasema, na kusema kweli nilijivuna. Mtandio pia ni wangu.

Ojara akatutazama mmoja mmoja, hana haraka.

— Mimi nalinda duka la vifaa vya ujenzi, usiku. Huu mwaka wa nne. Mchana mama yangu anafunga madirisha, anafukuza watu uani, hata jogoo alimpeleka kwa jilani. Nalala kama nimekufa. Ndiyo maana usiku sisinzii.

Akaelekeza kidole kwenye boksi.

— Sasa huyu, nyinyi watu wazima wanne, mnamlaza mchana ili usiku alinde nini?

Profesa akanyanyua kidole, akafungua mdomo, akakitazama kidole chake, akakishusha. Afande akashughulika na kamba za viatu, na viatu vyake siku hiyo vilikuwa ndala. Mimi nikainua birika niwamiminie watu, walau tuwe na kazi ya kufanya, likatoa machicha. Kahawa yote ilikuwa imekwisha tukiwa tunatafuta Ubelgiji.

Ojara akavua filimbi shingoni, akaichezesha kamba pembeni ya boksi. Sikio moja likainuka. Kamanda akajigeuza, akatazama, kiuno kikatikisika, akaruka, kamba akaikosa, mguu wa Profesa akaupata.

— Leo usininyoe, Ojara akamwambia Makasi. Wenzangu nawarudisha, tutakuja wote kesho saa kumi na mbili asubuhi. Huyu mchezeshe mpaka jioni. Akitaka kulala, mwamshe. Mpe dagaa kabla hujazima taa, ndiyo ulale. Lakini nitaangalia macho yako kwanza, kabla sijakaa kwenye kiti. Bibi harusi hapana kubali balabala.

— Nitakuwa nimelala, akasema Makasi. Mungu akipenda.

Akanipa boksi la sabuni likiwa tupu. Nikalikunja, nikaliweka kwenye kuni zangu. Kalerwe haendi mtu leo.

Kamanda alikuwa anaiburuta filimbi ya kampuni kuelekea kibanda cha simu, Ojara anamfuata. Makasi akakaa kuwatazama. Alitabasamu, akaegemea ukuta, na kabla tabasamu halijaisha alikuwa amelala, kikombe kitupu bado kimesimama mkononi.

— Shii, akasema Afande. Mwacheni, maskini.

— Usimwamshe aliyelala, akasema Profesa.

Nikakunjua mtandio wangu nimfunike. Ojara alikuwa ameshapata filimbi yake, anaivaa, anaondoka. Akageuka.

— Na huyu naye, akauliza, mnamlaza ili usiku alinde nini?

Akaenda zake. Nikabaki na mtandio mikononi, nikamkumbuka marehemu baba. Methali ile yeye alikuwa anaimaliza. Usimwamshe aliyelala, utalala wewe. Siku tisa Profesa ametupa nusu ya kwanza, na nusu yenye dawa, kwamba anayemwamsha ndiye atakayelala, hakuna aliyemdai.

Nikaingia ndani, nikatoa kinu changu na mchi, na tangawizi mbichi ya kahawa ya pili. Nikakiweka juu ya benchi, hapo penye sikio la Makasi, nikaanza kutwanga.