Sidi Kombe na Majina ya Mtoni

Wasikilizaji wapendwa, jioni hii tunamkumbuka Sidi Kombe wa kivuko cha Wema katika mto Tana, aliyetutoka wiki iliyopita akiwa bibi mkongwe. Sidi alikuwa mtunga majina. Lishikeni hilo: mtunga majina. Kazi hiyo ilimpa heshima, kisha ikamchukulia mume.

Wazazi wake walikuwa Wagiriama waliotoka kusini wakaja kulima karibu na Minjila. Mwanzoni mwa miaka ya hamsini, Sidi alikuwa msichana anayeuza mihogo ya kuchemsha pale kivukoni. Na kivuko kile kilikuwa na mwiko wake. Mtu akishaingia mtumbwini, haitwi tena kwa jina alilopewa na wazazi. Huitwa kwa jina la mtoni. Watu wa kivuko waliamini kwamba mto hujifunza majina, na ukishalijua lako, siku moja utakuita. Kwa hiyo, ukisikia jina lako la nyumbani ukiwa majini, usiitike. Usigeuke. Kaza kafi, uvuke.

Hakuna aliyewahi kuonyesha mtu aliyeitwa na mto. Mwiko hauombi ushahidi.

Majina hayo ya mtoni aliyatunga Sidi. Mhubiri mmoja mwoga wa maji, aliyemaliza sala kabla mtumbwi haujang'oka ukingoni, alimwita Amina Kwanza. Godana, mfugaji wa Kiorma ambaye hakuingiza miguu yote miwili mtumbwini mpaka ndama wake wa mwisho avuke, alimwita Mguu Nje.

"Dada, umenivunjia heshima," Godana alimwambia.

"Ingiza mguu, nitakurudishia," Sidi akamjibu.

Jina likamganda Godana mpaka uzeeni.

Kisha akaja Ngala, kijana mpole wa kutoka kusini, aliyemposa Sidi. Siku ya kwanza ukweni aliandaliwa sima na kambare, naye akaomba kijiko. Wakwe walitazamana. Kesho yake, alipopanda mtumbwi, Sidi alikuwa ameshamwita Kijiko. Wakaoana, Ngala akajifunza kupiga kafi, akawa mvushaji. Mkewe ndiye aliyemfundisha mwiko, na alimfundisha kwa ukali, kama mtu anayempenda. Mara kwa mara alimnyemelea kwa nyuma akamwita, "Ngala," na kila alipogeuka alimkaripia.

"Umekufa tayari," alimwambia. "Tuanze tena."

Mpaka siku moja Ngala hakugeuka. Sidi akafurahi.

Lakini jina lile halikubaki mtoni. Lilipanda mpaka soko la Garsen, na huko likapata maana mpya. Kijiko akawa mwanamume yeyote anayeogopa kuchafua mikono. Vijana walitukanana kwalo. Siku moja Ngala alikwenda Garsen kutafuta mpini wa jembe. Muuzaji, ambaye hakumfahamu kabisa, akaipima mikono yake kwa macho. "Mpini huu si wa vijiko, bwana," alisema, na soko zima likacheka.

Ngala alirudi nyumbani bila mpini.

"Mke wangu," alisema, "mimi ni mtu, si chombo. Jina hilo usiniite tena. Si hapa, si mtoni."

"Na mtoni nikuite nani?"

"Tafuta jingine. Hilo ulilitunga wewe."

Sidi aliapa kutolitamka tena. Lakini jina la mtoni halitungwi kwa haraka; husubiri tukio, kama lile la kijiko lilivyosubiri kambare. Basi wakasubiri. Na walipokuwa wakisubiri, Ngala aliendelea kuvusha watu akiwa hana jina lolote la kuitwa majini.

Mwaka huo, katikati ya muongo ule, mvua ilinyesha sana bara. Huku chini hapakuwa na wingu, ila maji ya Tana yalibadilika rangi na kuanza kuleta vitu: paa la kibanda, mbuzi aliyevimba, magogo. Asubuhi moja Ngala alitoka ukingo wa pili peke yake, akirudi. Sidi, mwenye mimba ya kwanza, alikuwa ukingoni pamoja na Godana aliyesubiri kuvuka. Ndipo walipoliona gogo la mkuyu, refu, likija kwa kasi kutoka juu ya mto, upande ambao Ngala alikuwa ameupa mgongo.

Sidi alipaza sauti akaita, "Ngala."

Mtu wa katikati ya mto akatulia kidogo. Kisha akainamisha kichwa, akakaza kafi.

Akaita tena. Akakaza zaidi. Mara ya tatu, mdomo wa Sidi ukalifungukia lile jina la aibu, Kijiko, naye Ngala akageuka mara moja, kama mtu aliyeitwa na mkewe. Alikuwa amechelewa.

Wasikilizaji wapendwa, hapo ndipo ningetegemea mwiko ufe. Haukufa. Wazee wa kivuko walikaa, na mkubwa wao, Mzee Thoya, akasema mto umemwita Ngala kwa jina lake, kama ulivyoogopwa siku zote. Sidi alisimama mbele yao.

"Si mto ulioita, baba. Ni mimi."

"Binti yangu, tunajua sauti ilikuwa yako," Mzee Thoya alimjibu kwa upole. "Mto uliiazima."

Godana alisema aliuona mdomo wa Sidi ukifunguka. Akaambiwa mfugaji ajishughulishe na ng'ombe. Tangu siku hiyo wanawake walichota maji mbali na Sidi. Mwiko ulipata kile ambacho haukuwahi kuwa nacho: maiti ya kuonyesha.

Sidi hakutunga jina tena. Bintiye, Priscilla, aliyezaliwa miezi michache baadaye, anatuambia hivi: "Mama alikuwa akienda kivukoni kuwaita watu kwa majina yao ya nyumbani. Walimtukana. Wengine walimrushia matope. Akirudi, nilimuuliza, kuna aliyegeuka? Alisema, bado."

Wiki iliyopita mwili wake ulivushwa kwenda kuzikwa. Priscilla alibaki ukingoni na wanawake. Mitumbwi ilipofika katikati, aliwaita wavushaji mmoja mmoja, kwa majina waliyopewa na mama zao. Mmoja aligeuka. Wengine walikaza makafi.

Kwa Priscilla, kwa ukoo wa Kombe na kwa jamaa wote wa Minjila na Wema, tunatoa pole. Mola amlaze Sidi mahali pema. Nasi tuliobaki, kabla ya kulala leo, tumkumbuke yule anayetuita nasi tumeinamisha vichwa, tukidhani huo ndio usalama. Kisha tujiulize ni nani aliyetufundisha kutogeuka, na kama yeye mwenyewe amewahi kuwa majini.