Mama Kezia na Masengenyo ya Asubuhi

Tarehe 30 Juni 1978, Mama Kezia Bukuru atavua aproni yake na kustaafu, baada ya kuitumikia hospitali yetu ya misheni hapa Kasulu kwa miaka thelathini na mmoja. Alianza mwaka 1947 akiwa msichana wa kufua mashuka. Anaondoka akiwa msimamizi wa wodi ya wazazi. Waliokuwapo siku aliyofika wamebaki wachache, na sisi wengine hatujawahi kuijua asubuhi ya hapa bila sauti yake.

Alizaliwa Kumsenga, wilayani Kibondo, akiwa wa kwanza kati ya mapacha, na ndiyo maana akaitwa Bukuru. Alikuja kwa miguu pamoja na shangazi yake, viatu akiwa amevishika mkononi ili visiharibike kabla ya kuonekana na wenye kuajiri. Yeye mwenyewe husema kwamba Kiswahili alichokuja nacho kilitosha kuomba maji na kuulizia njia, na kwamba siku ya kwanza alivihitaji vyote viwili.

Alifua kwa miaka michache, kisha akapelekwa kusomea ukunga, akarudi na cheti na ukali kidogo. Wazee wa kazi wanamkumbuka akipasha pasi ya mkaa asubuhi za baridi ya Juni na kupigia khanga za watoto wanaotarajiwa, ili mtoto asikutane na baridi ya Kasulu kabla hajakutana na mama yake. Wanakumbuka pia mume mmoja aliyemleta mkewe kwa machela kutoka upande wa Buhigwe, akaingia wodini akilalamikia bega lake. Mama Kezia alimtazama mkewe aliyekuwa akiumwa uchungu, akamtazama yeye, akasema, "Pole sana, baba. Tukulaze wewe kwanza?" Yule bwana alitoka nje na hakurudi mpaka alipoitwa kumwona mwanawe.

Lakini atakayeulizwa habari za Mama Kezia hataanza na pasi wala bega. Ataanza na sala ya asubuhi, na hapo ndipo nitakapokaa zaidi, kwa sababu nadhani ndiyo kazi yake hasa, ingawa hakuna mshahara uliowahi kulipwa kwa ajili yake.

Mwaka 1952 ndipo alipoombwa kuiongoza kwa mara ya kwanza. Watumishi walisimama kwenye baraza ya wagonjwa wa nje, ukungu bado umelala bondeni. Alisoma mstari wa Yakobo unaotuagiza kuombeana ili tupate kuponywa. Aliuelewa vizuri sana. Shida ilikuwa kuusema kwa maneno yake. Kwa Kiha, lugha ya kwao, kusali ni *gusenga*, na kusaliana ni *gusengerana*. Alitafuta neno la Kiswahili, akapata lililofanana na la kwao, akalitamka kwa moyo wote: "Basi ndugu zangu, tusengenyane kila asubuhi bila kuchoka!"

Nyuma ya watu alikuwa amesimama Bwana Hilali, mfunga vidonda, Mwislamu kutoka Ujiji, akingoja sala iishe apewe funguo za chumba chake. Alicheka mpaka akakaa chini. "Dada Kezia," alisema alipopata pumzi, "hilo hapa tunalifanya tayari. Halihitaji kuhimizwa!"

Tangu siku hiyo sala ya asubuhi ikaitwa masengenyo. Daktari mmoja mgeni, aliyejifunza Kiswahili chake kwetu, aliandika kwa chaki kwenye ubao wa matangazo: "Masengenyo saa moja kamili. Wote mnakaribishwa." Hakuna aliyefuta. Kila Bwana Hilali alipokutana na Mama Kezia kwenye baraza alimuuliza, "Leo mnamsengenya nani?" naye akajibu, "Wewe, kama kawaida. Huishi mambo."

Ilikuwa sala fupi. Mstari mmoja, maelezo kidogo, kisha majina ya wagonjwa. Maelezo yake yalihusu mambo yetu ya hapa hapa. Aliposoma zaburi inayosema kwamba mlinzi wa Israeli hasinzii, alimgeukia Mzee Nestori, mlinzi wetu wa geti, akasema, "Mungu hasinzii. Nestori anasinzia. Ndiyo maana tunamwomba Mungu amwangalie Nestori." Watu walicheka, kisha wakainamisha vichwa wakiwa bado wanatabasamu. Sidhani kama nimeona mahali pengine watu wakipita kutoka kicheko hadi sala bila kubadilisha uso. Na katika majina hayo alitaja kila mgonjwa na shida yake, wazi, ili watu wajue wanachoombea. Kwa zaidi ya miaka ishirini hakuna aliyeona ubaya.

Mwaka 1973 alikuja kwetu Dada Immakulata, muuguzi aliyekimbia kutoka Burundi na ambaye sasa ni mwenzetu kabisa. Alijua Kifaransa na Kirundi. Kiswahili alijifunzia wodini, kitanda kwa kitanda. Aliposikia "masengenyo" hakuona cha kuchekesha, kwa kuwa katika lugha yake pia *gusenga* ni kusali. Alidhani ndilo neno lenyewe la Kiswahili. Nasi hatukumsahihisha. Tulikuwa tumelizoea, na ilitupendeza kumsikia akilisema kwa unyenyekevu ule.

Mwezi Machi mwaka 1974, wakati wa mvua, alilazwa Bi Adija, mke wa Bwana Abbasi mwenye duka la vitambaa mjini. Alikuwa mjamzito, miguu imevimba, shinikizo la damu liko juu, na daktari alikuwa ameagiza asiondoke kitandani mpaka ajifungue. Alikwisha kuzika watoto wawili waliozaliwa bila pumzi. Jambo hilo hakupenda lizungumzwe. Hata majirani wa mtaani hawakuwa na hakika nalo.

Dada Immakulata alikuwa akimbadilishia shuka, akaona anatetemeka, akataka kumfariji.

"Usiogope, dada," alimwambia. "Sisi wote tunakusengenya."

"Mnanisengenya?"

"Ego, ndiyo, kila asubuhi. Hatujaruka hata siku moja. Hata mpishi yupo."

Bi Adija aliketi. "Na mnasema nini?"

"Tunasema habari za watoto wako waliokufa."

Dada Immakulata anakumbuka kwamba Bi Adija hakupaza sauti. Alifunga nguo zake ndani ya khanga, akavaa buibui, akapita katikati ya vitanda na kutoka getini mvua ikinyesha. Alikuwa amekusudia kujifungulia nyumbani kwake, nyuma ya duka, na kila aliyeijua hali yake alijua kwamba hilo lingeweza kumuua, yeye na mtoto.

Mama Kezia alipoelezwa, hakumkemea mtu. Gari la hospitali lilikuwa limekwenda Kibondo. Alichukua mwavuli, akamwomba Bwana Hilali amsindikize, wakateremka mjini kwa miguu, wakiteleza kwenye tope jekundu. Bwana Hilali anasema ndiyo safari pekee waliyowahi kwenda pamoja bila kutaniana.

Bwana Abbasi alikuwa amesimama mlangoni mwa duka, futi ya kupimia vitambaa bado mkononi. "Mama, karibu ujikinge mvua," alisema. "Ila kwa hili mke wangu ana haki."

Bwana Hilali akawahi kumtetea mwenzake. "Shemeji Adija!" aliita kuelekea pazia la mlango wa ndani. "Ni lugha tu hiyo! Kiha kimegongana na Kiswahili. Hawa walikuwa wanakuombea dua, Wallahi!"

Utetezi ulikuwa wa kweli, tena ulitosha. Mtu mwingine angeupokea kwa shukrani na kurudi na mgonjwa wake. Mama Kezia alimshika Bwana Hilali mkono, akamnyamazisha, akasogea karibu na pazia.

"Mwanangu Adija," alisema, "neno nililikosea mimi, zamani, wewe ukiwa mtoto. Lakini tulichokufanyia kinaitwa hivyo hivyo."

Kisha sauti kutoka ndani: "Nani walikuwapo?"

"Wauguzi. Mpishi. Mzee Nestori wa geti. Wafuaji."

"Na nani aliwaambia habari za wanangu?"

"Mimi."

"Uliniuliza?"

"Sikukuuliza. Nilidhani nikiwa nasema na Mungu siwezi kukosea mtu."

Bwana Hilali anasema hapo ndipo alipomwona Mama Kezia akilia, amesimama katikati ya majora ya vitambaa, maji ya mvua yakimchuruzika kwenye sakafu ya watu. Bwana Abbasi aligeukia rafu zake, akajifanya anapanga bidhaa.

Baada ya muda mrefu pazia lilifunguka. Bi Adija alikuwa tayari amejifunga buibui. "Nitarudi," alisema. "Kwa sababu ya huyu aliye tumboni. Lakini msinitaje. Si kwa mtu, si kwa Mungu."

"Sitakutaja," alisema Mama Kezia.

Wengine wetu tumelelewa kuamini kwamba kumwombea mtu ni haki yetu, kwamba hakuna anayeweza kutukataza. Nimelifikiria jibu lile mara nyingi. Mwanamke aliyeishi kwa kutaja majina mbele za Mungu alikubali kulifungia jina moja nje ya kinywa chake, katika wiki ambayo jina hilo lilihitaji sala kuliko majina yote.

Alitimiza. Asubuhi zilizofuata alisoma mstari, akataja wagonjwa, akafika kitanda cha dirishani, akanyamaza kidogo, akaendelea na kinachofuata. Kila mtu alijua kimya kile ni cha nani. Na uchungu ulipomshika Bi Adija, ukawa mrefu na mgumu, Dada Immakulata alianza kusali kwa sauti kando ya kitanda. Mama Kezia alitikisa kichwa, akampa taulo. Walifanya kazi midomo imefungwa. Mtoto alizaliwa mchana, wa kike, rangi yake mbaya, hana sauti. Mama Kezia alimsafisha pua na kinywa, akamsugua mgongo, akampulizia pumzi yake mwenyewe, kidogo kidogo, mpaka akalia. Wanasema kilio kile kilisikika jikoni, na mpishi aliacha mwiko akaja mlangoni, kisha akakumbuka, akarudi bila kuuliza kitu. Mtoto aliitwa Tunu.

Baada ya hapo Mama Kezia aliibadilisha sala yetu. Alisema kwamba alikuwa amesoma mara nyingi lile agizo la Bwana Yesu la kuingia chumbani na kufunga mlango, lakini alilisoma akiwa amesimama barazani. Tangu wakati huo, kabla ya sala, alianza kupita kwenye vitanda na kumuuliza kila mgonjwa neno moja: "Nikutaje?" Wako waliosema ndiyo. Wako waliosema, "Nitaje mimi, ugonjwa uache." Mzee mmoja kutoka Kabanga, ambaye hakuna aliyemtembelea, aliomba atajwe mara mbili. Wako waliokataa, naye aligusa chuma cha kitanda chao, akasema asante, akasonga mbele. Waislamu aliwauliza vile vile kama Wakristo, na wengi walikubali.

Dada Immakulata alikaa siku kadhaa haji kwenye sala kwa aibu. Mama Kezia alimfuata jikoni. "Mwanangu," alimwambia kwa Kiha, "katika watu wote wa hapa, wewe peke yako ulinielewa. Wenzako walinicheka."

Na tulipotaka kuliacha lile jina, yeye ndiye aliyekataa. Alisema sala na masengenyo hutumia maneno yale yale na majina yale yale, na kwamba mtu akiwa amefumba macho ni vigumu kujua yuko kwenye lipi. Afadhali jina libaki, lituonye kila asubuhi saa moja. Mimi husali vibaya, huwa najisikiliza. Lakini kila ninapotaka kumleta mtu mbele za Mungu, swali hilo hunijia kwanza: je, nimemuuliza? Na kama siwezi kumuuliza, basi najaribu kusema jina tu, nikamwachia Mungu mengine, ambayo anayajua kuliko mimi.

Mama Kezia anarudi Kumsenga, kwenye nyumba aliyojenga karibu na pacha wake, kulima maharage na kahawa. Ameshawaonya waumini wa huko kwamba haji kuongoza chochote. Hatuna hakika kama wamemsadiki. Wodi inabaki mikononi mwa Dada Immakulata.

Msomaji anaweza kushangaa kuona mambo ya Bi Adija yameandikwa hapa. Nilikwenda dukani wiki iliyopita kumwomba ruhusa, kwani wasifu huu usingekuwa wa kweli bila yeye, na bila ruhusa yake usingekuwa wasifu. Nilimsomea yote. Tunu, ambaye sasa ana miaka minne, alikuwa chini ya meza akijifunika vipande vya kitenge. Bi Adija alisikiliza mpaka mwisho, akanirekebisha mahali pawili, akasema, "Andika. Halafu kamwambie Mama Kezia, ahadi aliyonipa nimemfungulia. Anitaje."

Nilipeleka ujumbe huo jioni ile ile. Mama Kezia alikuwa akikunja mashuka katika chumba kidogo cha wodini. Alisimama, akaweka shuka chini, akaniomba nimwache peke yake mle chumbani, nifunge na mlango.

Mama Kezia, asante kwa mikono yako na kwa kinywa chako, kilipofunguka na kilipofungwa. Tunakutakia maisha mema Kumsenga, mvua ya wastani, magoti yasiyouma, na amani ya Bwana. Sisi sote tuliotia mikono yetu katika salamu hizi tuliulizwa mmoja mmoja, na sote tumekubali: utakaposali, ututaje.