Atakayeingia na Galih

Benchi la Bu Tumi, mama muuza kahawa, liko pale uchochoro unapoanza, na tangu korona ishike Surabaya limepata na lango lake: mianzi miwili iliyofungwa kwa kamba, asipite mgeni. Aliyeifunga ni Komandani, cheo alichojipa mwenyewe na hakuna aliyethubutu kumvua. Mwenzake wa kila siku ni Profesa, fundi feni anayesoma kila kinachoingia kwenye simu yake na kukiamini chote. Asubuhi hiyo walikaa wakiachiana nafasi, barakoa kidevuni kwa ajili ya kahawa, na katikati yao alikaa Sunardi, ambaye wote humwita Nardi, roho juu, akisubiri gari la wagonjwa. Mkewe Endah alikuwa amepimwa jana yake akakutwa na korona, akapelekwa kutengwa kwenye shule ya jirani. Mtoto wao Galih, miaka tisa, asiyeweza kukaa mwenyewe wala kusema neno, alilazwa pembeni kwenye kiti chake cha magurudumu, akihema kwa shida. Hospitali ilikuwa imesema itamruhusu mtu mmoja tu wa kumuuguza, na awe mzima.

— Mimi nakwambia usimpeleke, alisema Komandani. Wakishaingia kule hatuwaoni tena.

— Na pumzi ikikata hapa, utampulizia wewe? Bu Tumi alimjibu bila kuacha kukoroga.

— Namfukizia mchaichai.

— Mchaichai wako ungekuwa dawa, wewe usingekohoa tangu mwaka juzi.

Profesa alisogeza simu karibu na macho.

— Sikia, Nardi. Mashine za hewa hazitoshi. Mlangoni wanauliza: huyu anatembea? Anaongea? Ukisema hapana, anapewa aliye nyuma yako.

Hilo ndilo lililomnyima Nardi usingizi, na sasa limesemwa mchana kweupe, mtoto akiwa pale pale.

— Umesoma wapi?

— Imetumwa kwa watu wengi mno. Haiwezi kuwa uongo.

— Basi kazi ndogo hiyo, Komandani alidakia. Sema alikuwa anatembea mpaka juzi. Korona ndiyo imemwangusha.

— Kwa miguu ile? Profesa aliuliza. Wataiona.

— Aseme alikuwa mchezaji.

— Mchezaji gani, bwana!

— Kipa. Kipa hakimbii sana.

— Na kuongea je?

— Mpole. Kuna watoto wapole. Mimi mwenyewe nilikuwa mpole.

— Laiti ungebaki hivyo, alisema Bu Tumi. Mtoto anawasikia, lakini.

Hakuna aliyecheka. Nardi alikuwa anajifunza yale maneno kimoyomoyo: alikuwa anatembea, mpaka juzi, kipa. Alijua ni upuuzi mtupu, na alijua atayasema.

Galih alitoa sauti, ndefu, ya puani.

— Njaa hiyo, alisema Komandani.

— Joto, alisema Profesa.

— Anamtaka mama yake, alisema Bu Tumi.

Nardi alimsogeza kivulini, akampangusa mate, akamtia maji kwa kijiko. Yote yakamwagikia kidevuni. Sauti ikazidi, na Nardi akabaki ameshika kijiko, hajui afanye nini tena.

Gari lilisimama nje ya mianzi. Muuguzi alishuka, amevaa nguo nyeupe za kujikinga kuanzia kichwani, macho tu ndiyo yanayoonekana. Komandani aliinuka amuulize anatoka wapi, akamwangalia mara moja, akafungua kamba. Muuguzi alimpita, akachuchumaa mbele ya kiti, akamsalimu Galih kwanza, kwa jina lake. Kisha akamgeukia Nardi.

— Wewe ndiye utakayeingia naye?

— Ndiyo, dada. Na ujue huyu alikuwa anatembea. Mpaka juzi. Kipa.

Muuguzi aliitazama ile miguu myembamba, wala hakumkejeli.

— Sijauliza hilo, Pak Sunardi. Nauliza, akiumwa anaonyeshaje? Tusije tukamwacha anateseka na sisi tupo.

Komandani alimtazama Profesa. Profesa alitazama simu, na safari hii haikuwa na kitu. Bu Tumi aliacha kukoroga. Nardi alimwona Endah kichwani mwake, akisikia sauti kama ile, akiacha chungu jikoni na kusema "ni shingo", akimgeuza mtoto kidogo tu, na mtoto anatulia. Alishaliona hilo mara nyingi kupita hesabu. Hakuwahi kumuuliza amejuaje.

— Mimi ni baba yake, alisema.

— Najua, Pak. Ndiyo maana nimekuuliza wewe.

Nardi alitoa simu, akampigia mkewe kule shuleni. Endah alipopokea, Nardi alimuuliza swali lile lile, mbele ya watu wote, kwa sauti ya mtoto aliyetumwa dukani akasahau alichotumwa.