Bibi Pindo na Majoho ya Kwaya

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tumkumbuke Bibi Pindo, fundi cherehani. Haya nilisimuliwa na Mama Mikasi, fundi mwenzake wa duka la ng'ambo ya barabara, jana mchana tulipotoka kuzika.

Kwa nini aliitwa Bibi Pindo? Kwa sababu ya sare za shule. Kila sare aliikunja pindo nene chini, ili mtoto akirefuka, mama yake afumue, ateremshe, maisha yaendelee. Mama Mikasi alimcheka dirishani.

"We bibi! Nguo zako haziishi, wateja utawapata wapi?"

"Mungu ataleta watoto wengine, mwanangu," akajibu, mguu kwenye pedali.

Mama Mikasi hakumpenda, wasikilizaji wapendwa. Alimsema hadi kanisani.

Basi, wiki ambayo kwaya ya kanisa letu ilialikwa kuimba, pasi ya mkaa ikamuunguza Mama Mikasi mkono wa kulia. Majoho yalikuwa mezani kwake, yamekatwa, hayajashonwa. Yakichelewa, nani tena angempa kazi?

Asubuhi akasikia hodi. Bibi Pindo, miwani puani.

"Umekuja kunicheka?"

"Nikucheke na mkono huo? Yesu ananivumilia mimi na ukaidi wangu, mimi nishindwe kuuvumilia mdomo wako? Sogea nikae."

Mama Mikasi alitaka kununa, kicheko kikamponyoka.

Sasa sikilizeni vizuri. Kila fundi ana mkono wake. Pindo la Mama Mikasi ni jembamba kama utepe, watu wote wanalijua. Bibi Pindo akauacha mkono wake nyumbani, akashona kwa mkono wa mwenzake. Pindo jembamba, majoho yote. Jumapili kwaya iliposimama, sifa zikamwendea Mama Mikasi. Bibi Pindo alipiga makofi kuliko wote. Hakumwambia mtu. Mpaka anafumba macho, hakumwambia mtu.

Alipofariki, Mama Mikasi aliomba ashone yeye gauni la kumzikia. Akakesha nalo. Binti wa marehemu alipolipokea akaona pindo nene, akacheka huku analia.

"Mama Mikasi jamani! Huko aendako atarefuka tena?"

"Niache, mwanangu. Nimeshona kwa mkono wake. Yeye aliwahi kushona kwa wangu."

Hapo ndipo akamweleza habari ya majoho.

"Hata mimi hakuniambia!" binti akasema. "Mama huyu!"

Kwa binti huyo, wajukuu na ndugu wote, poleni sana. Tunamshukuru Mungu kwa kutuazima Bibi Pindo. Nasi tujiulize, wapendwa: ng'ambo ya barabara yetu kuna nani aliyeungua mkono, nasi tumemnunia?

Mama Mikasi alinisimulia haya akiwa kwenye kiti cha Bibi Pindo, kando ya cherehani. Nikamuuliza kama ana neno la kumuaga mwenzake. Nikainama kumtazama. Kichwa kimeegemea cherehani, kastabini ya kushonea bado iko kidoleni, amelala fofofo kwa uchovu wa kukesha, anakoroma.